'Leseni iko njiani': Tofauti ya aliyeomba, anayesubiri na aliyepewa

KATIKA soko la Webuye, kama ilivyo katika masoko mengine mengi kati ya Bungoma na Kitale, si ajabu kumkuta kijana amesimama kando ya kibanda, simu mkononi na fulana ya kampuni kifuani, akiwashawishi wachuuzi wachukue mkopo. Tuchukue mfano. Mama muuza mitumba anataka shilingi 30,000 za kuongeza bidhaa. Kijana anamwambia apakue apu ya kampuni, ajaze nambari ya kitambulisho, kisha aandike majina na nambari za simu za watu watatu wanaomjua. Mama huyu si mjinga. Amesikia redioni kwamba wakopeshaji siku hizi sharti wawe na leseni ya Benki Kuu. Anauliza:

"Mwanangu, hiyo kampuni yenu iko na leseni kweli?"

"Mayi, usiwe na wasiwasi. Tulishaaplai. Leseni iko njiani."

"Iko njiani inatoka wapi?"

"Nairobi, mayi. Hata tumeruhusiwa tuendelee na kazi tukingoja."

Mazungumzo haya nimeyabuni, ila wakazi wa huko hawatayaona mageni. 'Mayi' ni neno la Lubukusu la kumwita mama kwa heshima, na kijana anayelitumia anajua anachofanya: anamkaribia mteja kama mtoto wa nyumbani. Lugha ya heshima, hata hivyo, haiondoi haja ya kuchunguza maneno yenyewe. Katika sentensi tatu fupi, kijana ametoa madai matatu yasiyolingana. La kwanza ni kwamba kampuni imeomba leseni. La pili ni kwamba leseni itakuja. La tatu ni kwamba kampuni imeruhusiwa kufanya kazi kabla leseni haijaja. Dai la kwanza linaweza kuthibitishwa leo hii. La pili ni utabiri. La tatu ndilo zito zaidi, na ndilo lililofichwa ndani ya kitenzi cha kauli ya kutendwa: 'tumeruhusiwa'. Na nani? Kijana hakusema, na sarufi ya Kiswahili haimlazimishi aseme.

Makala haya yanaeleza hali hiyo ya katikati: mtu aliyeomba leseni, hajaipata, lakini anafanya kazi. Katika sheria za nchi mbalimbali hali hii ipo na ni halali pale sheria inapoitambua. Tatizo ni kwamba Kiswahili chetu cha kila siku, na hata cha vyombo vya habari, hakijaipa jina lake. Kwa kukosa jina, mkopaji huitwa alipe gharama ya utata.

Leseni, ruhusa, kibali, idhini

Tuanze na maneno manne ambayo wengi huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja.

'Leseni' tuliitohoa kutoka Kiingereza. Maana yake katika matumizi ya serikali ni finyu: hati inayotolewa na mamlaka iliyoundwa kisheria, kwa mtu au kampuni iliyotimiza masharti, ili ifanye kazi ambayo bila hati hiyo ingekuwa kosa. Dereva ana leseni. Benki ina leseni. Mwenye baa ana leseni ya kuuza pombe.

'Ruhusa' ni pana mno. Mtoto huomba ruhusa ya kutoka darasani, mfanyakazi huomba ruhusa ya kwenda matangani. Ruhusa yaweza kutolewa kwa mdomo, kwa kutikisa kichwa, na hata kwa kunyamaza. Inavutia kwamba neno hili lina asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu cha leo neno hilohilo, rukhsa, ndilo linalotumiwa kwa leseni ya udereva. Kwetu lilipofika lililegea. Kazi ya leseni tukaipa neno la Kiingereza, na ruhusa ikabaki na mambo ya nyumbani, shuleni na kazini.

'Kibali' lina uhusiano na kitenzi 'kubali'. Hutumiwa sana kwa hati yenye mipaka ya muda au ya shughuli: kibali cha kazi kwa mgeni, kibali cha ujenzi, kibali cha kuandaa mkutano wa hadhara. Hapa pana dokezo zuri ambalo tutalirudia: kibali katika fikra za Waswahili ni kitu cha shughuli maalumu, na huwa na mwisho.

'Idhini', nalo pia la Kiarabu, huelekea upande wa ridhaa ya mtu mwenye kauli katika jambo. Mtu anayetaka kuweka shamba rehani sharti apate idhini ya bodi ya kusimamia ardhi, endapo shamba hilo ni la kilimo na liko katika eneo la bodi. Akitaka kuweka rehani nyumba ya ndoa, mwenzake wa ndoa sharti aidhinishe. Mke au mume hampi mwenzake leseni, humpa idhini.

Kuna neno la tano, 'usajili', ambalo huwachanganya hata waandishi wa habari. Kusajiliwa ni kuandikwa. Kampuni ikisajiliwa na Msajili wa Kampuni, imezaliwa kisheria, basi. Haijaruhusiwa kukopesha, kuuza dawa wala kuendesha shule. Ndiyo maana jibu la "sisi ni kampuni iliyosajiliwa na serikali", linalosikika sana mitaani, linaweza kuwa kweli tupu na bado lisijibu swali la leseni. Sisi wanaisimu pia tuna 'sajili', yaani mtindo wa lugha unaofungamana na muktadha fulani. Sajili ya mikopo ina tabia moja mbaya: hutumia maneno ya ofisi kutuliza moyo wa mteja badala ya kumweleza hali.

Sheria ilivyosema, na isivyosema

Tuingie katika kisa chenyewe. Kwa miaka kadhaa, mikopo ya simu Kenya ilikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na mikopo iliyotolewa na benki kupitia simu, kama vile M-Shwari iliyozinduliwa Novemba 2012. Hiyo ilikuwa chini ya sheria za benki tangu mwanzo. Kulikuwa pia na mikopo ya kampuni ambazo hazikuwa benki na hazikupokea amana za wateja. Hizi zilikopesha fedha zao wenyewe au za wawekezaji, na hazikuwa na msimamizi maalumu. Malalamiko yalizidi: riba isiyoeleweka, kupigiwa simu kwa wakwe, waajiri na marafiki wa mkopaji, na kuaibishwa hadharani. Methali yetu ya 'kukopa harusi, kulipa matanga' ikapata matanga mapya, ambayo waombolezaji wake walialikwa kutoka orodha ya nambari zilizomo katika simu ya mkopaji.

Wakenya walikuwa tayari na neno la mkopeshaji wa aina hii: 'shailoki', wingi 'mashailoki', kutokana na mhusika wa tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Ni nadra jina la mhusika wa fasihi kushuka hadi sokoni namna hiyo. Lakini neno shailoki ni la lawama. Halitusaidii kutofautisha aliye halali na asiye halali. Shailoki aweza kuwa na leseni, na mkopeshaji mpole aweza kuwa hana.

Bunge likairekebisha Sheria ya Benki Kuu, na marekebisho hayo yakaanza kutumika Desemba 23, 2021. Benki Kuu ya Kenya (CBK) ikapewa mamlaka ya kuwapa leseni na kuwasimamia wakopeshaji wa kidijitali. Anayefanya biashara hiyo bila leseni alitishiwa kifungo kisichozidi miaka mitatu, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Kanuni za kutekeleza sheria hiyo zilichapishwa Machi 18, 2022. Miongoni mwa mengine, zilikataza vitisho, lugha chafu, kumuaibisha mdaiwa mbele ya watu na kutumia orodha ya nambari zilizo katika simu yake ili kuwasumbua jamaa na marafiki.

Sasa hapa ndipo penye suala letu. Haikuwezekana kuzifunga kampuni zote usiku mmoja na kuzifungua moja moja baada ya kukaguliwa. Watu walikuwa na mikopo inayoendelea, na wafanyakazi walikuwa na ajira. Kwa hiyo waliokuwa wakikopesha kabla ya sheria, na ambao hawakusimamiwa na sheria nyingine, walipewa miezi sita waombe leseni. Muda huo ulikwisha Septemba 17, 2022.

Siku mbili baadaye CBK ilitoa taarifa. Ilisema kwamba tangu Machi imepokea maombi 288 na kwamba imetoa leseni kwa wakopeshaji 10. Waombaji wengine, ilieleza, walikuwa katika hatua mbalimbali, na wengi walikuwa wakisubiriwa wawasilishe stakabadhi zilizosalia. Kisha ikaagiza kwamba wakopeshaji wote wasiosimamiwa ambao hawakuomba leseni waache biashara hiyo.

Soma tena kwa makini. Makundi ni matatu. Waliopewa: 10. Wasioomba: waache. Je, wale 278 wa katikati? Hawakuambiwa waache. Biashara yao haikufungwa, na umma ukaelewa kwamba wanaweza kuendelea huku maombi yao yakikaguliwa.

Maana isiyotamkwa

Katika taaluma ya pragmatiki, jambo hili lina jina. Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika makala maarufu ya mwaka 1975, alieleza kwamba msikilizaji huelewa zaidi ya yale yanayotamkwa kwa sababu huamini kwamba msemaji anashirikiana naye: anasema ya kutosha, ya kweli, yanayohusu na yanayoeleweka. Yale yanayoeleweka bila kutamkwa tunaweza kuyaita maana dokezi.

Mama akiwaambia wanawe, "Ambaye hajafua sare hataenda sherehe," aliyefua sare ataanza kutafuta viatu. Mama hakusema kwamba aliyefua ataenda, ila angekuwa amekusudia wote wabaki nyumbani, kwa nini ataje sare? Hivyo ndivyo agizo la "ambao hawakuomba waache" lilivyofasiriwa. Kama kila asiye na leseni alipaswa kuacha, kwa nini watajwe wasioomba pekee?

Grice alibainisha sifa moja muhimu ya maana ya aina hii: inaweza kufutwa bila msemaji kujipinga. Mama anaweza kuongeza, "na waliofua nao watabaki wanisaidie," na hakuna atakayesema amedanganya. Maana iliyotamkwa haifutiki hivyo. Ukisema "waliofua wataenda," kisha ukawazuia, umevunja ahadi, na ahadi ni deni.

Hapa ndipo uzito wa jambo ulipo kwa mama wa Webuye. Kijana alipomwambia "tumeruhusiwa", aligeuza maana dokezi kuwa tamko. Alichukua ukimya wa mamlaka akauvisha kitenzi. Huenda kampuni yake ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa zikikopesha kabla ya Desemba 2021, ikaomba kwa wakati, na hali yake ikawa hiyo ya kuvumiliwa. Huenda pia ilianzishwa baadaye. Ikiwa hivyo, kipindi cha mpito hakikuihusu hata kidogo, kwa kuwa kilikuwa cha 'waliokuwa wakikopesha'. Tazama umbo hilo: li-kuwa na -ki-, hali ya tendo lililokuwa likiendelea katika wakati uliopita. Mgeni katika biashara hakuwa akikopesha. Alipaswa apate leseni kwanza, ndipo aanze. Kiambishi kimoja kinatenganisha anayeruhusiwa kungoja akifanya kazi na anayetakiwa kungoja akiwa amekaa.

Nambari zinaonyesha kwamba chumba hiki cha kusubiria si kidogo. Kufikia Januari 2023, waliopewa leseni walikuwa 22. Kufikia Machi mwaka huo walikuwa 32. Juni 2025, CBK ilitangaza kwamba waliopewa leseni wamefika 126, huku maombi yaliyopokelewa tangu Machi 2022 yakizidi 700. Sitasema kwamba zaidi ya maombi 570 yaliyobaki yote ni ya watu wanaosubiri wakikopesha. Katika idadi kama hiyo huwamo waliokosa stakabadhi, waliojiondoa na ambao hawajaanza. Ninachosema ni kwamba neno 'tumeomba' linawabeba wote hao kwa pamoja, na mteja hawezi kujua ni yupi amesimama mbele yake.

Waliotamka waziwazi

Tulinganishe na Marekani, ambako hali ya katikati imepewa jina, mwanzo na mwisho. Huko, anayepokea maombi ya mkopo wa nyumba na kujadili masharti yake kwa malipo sharti awe na leseni ya jimbo, isipokuwa kama ameajiriwa na benki, ambapo husajiliwa katika daftari la kitaifa. Utaratibu huo uliwekwa na sheria ya mwaka 2008, wakati msukosuko wa mikopo ya nyumba ulipokuwa ukiitikisa nchi hiyo.

Ni nani huyu kwa Kiswahili? Kumwita 'dalali wa mikopo' hakufai, kwa kuwa Kenya dalali ni yule anayekuja kunadi mali ya mdaiwa, ilhali Tanzania ni mtu wa kati katika kuuza au kupangisha nyumba na viwanja. 'Mkopeshaji' si yeye pia, maana fedha si zake. Napendekeza 'mwandalizi wa mkopo wa rehani': hupokea ombi, huliandaa na hujadili masharti.

Tatizo lilitokea pale mwandalizi alipohama benki kwenda kwa kampuni isiyo benki, au alipohamia jimbo jingine. Jana alikuwa akifanya kazi kihalali; leo alipaswa kukaa wiki au miezi bila kazi akingoja leseni mpya. Mwezi Mei 2018, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyompa mamlaka ya muda ya kufanya kazi huku akisubiri, na kifungu hicho kikaanza kutumika Novemba 24, 2019.

Mambo manne katika kifungu hicho yanafaa kuzingatiwa na mpenzi wa lugha. Kwanza, kinataja nani anahusika: aliyekuwa na leseni katika jimbo jingine, au aliyekuwa katika daftari la kitaifa kwa mwaka mzima mfululizo kabla ya kuomba. Mgeni asiye na historia hahusiki. Aliyewahi kunyimwa leseni au kupokonywa hahusiki pia. Pili, kinataja mwanzo: siku alipowasilisha ombi pamoja na maelezo ya kuchunguzwa nyendo zake, zikiwemo alama za vidole. Tatu, kinataja mwisho: siku ombi linapoondolewa, linapokataliwa au linapokubaliwa, na kama limeachwa bila kukamilishwa, mamlaka hayo hukoma baada ya siku 120. Asiyeleta stakabadhi hawezi kusubiri milele.

La nne ndilo linalonipendeza zaidi. Kinasema kwamba wakati wote wa kusubiri, mhusika atabanwa na sheria kwa kiwango kilekile, kana kwamba amepewa leseni. Waswahili tuna 'kama' na tuna 'kana kwamba'. 'Kama' hulinganisha vitu viwili au huweka sharti. 'Kana kwamba' huleta jambo ambalo si kweli, tukaafikiana kulichukulia kuwa kweli kwa kusudi fulani. Ukisema "anaongea kana kwamba ni chifu", umeshasema kwamba si chifu. Sheria hiyo, kwa kauli moja, inasema mawili: huyu hana leseni, na majukumu ya mwenye leseni yanamkalia shingoni.

Karatasi ya kusubiria

Sisi nasi si wageni wa hali hii. Kijana wa miaka 18 akiomba kitambulisho, hupewa karatasi ambayo mtaani huitwa 'weitingi'. Kila mtu Bungoma anajua kwamba weitingi si kitambulisho. Ni ushahidi kwamba umeomba. Mwanafunzi wa udereva hupewa leseni ya muda. Anaruhusiwa kushika usukani, lakini pamoja na mkufunzi na kwa kubandika herufi L ionekane mbele na nyuma. Yule anayesubiri, kwa maneno mengine, hutembea na alama ya kusubiri kwake. Kila gari linalokutana naye katika barabara ya Webuye kwenda Kitale linajua ni nani anayekuja na linajihadhari. Mkopeshaji anayesubiri leseni hana herufi yoyote ya kubandika kwenye apu yake. Alama pekee aliyo nayo ni maneno yake mwenyewe.

Kwa hiyo maneno ndiyo tuyatie nidhamu. Ninawashauri wanahabari, watafsiri na walimu wafuate mambo haya.

Mosi, tutofautishe hatua kwa vitenzi vyake. Ombi 'limewasilishwa' maana yake limepelekwa. Ombi 'limepokelewa' maana yake limefika. Ombi 'limekubaliwa' maana yake mwombaji amefaulu. Nimesoma habari ambamo 'kupokelewa' na 'kukubaliwa' vinabadilishana nafasi kana kwamba ni visawe. Barua ya kukunyima kazi pia huanza kwa kusema kwamba ombi lako lilipokelewa.

Pili, tuwe waangalifu na kiambishi -mesha- cha mazungumzo. "Tulishaaplai" na "tumeshaomba" hubeba hisia ya kumaliza. Msikilizaji husikia kwamba jambo limekwisha, ilhali kilichokwisha ni kuomba tu. Jambo lenyewe ndio kwanza limeanza.

Tatu, tuchunge 'mpaka' na 'hadi'. Sentensi "kampuni itaendelea kuhudumu mpaka ipate leseni" imebeba dhana kwamba leseni itapatikana. Ikinyimwa je? Kwa mujibu wa sentensi hiyo, itaendelea milele, kwa sababu siku ya mwisho haijafika! Iliyo sahihi ni "mpaka ombi lake litakapoamuliwa". Uamuzi una ndiyo na hapana. Kupata kuna ndiyo pekee.

Nne, hali ya katikati tuipe jina. Napendekeza 'kibali cha kusubiri leseni' pale ambapo sheria imeitamka kwa uwazi, kama ilivyo Marekani. Kama nilivyosema, kibali kwetu huwa na shughuli maalumu na mwisho maalumu, kwa hiyo neno linafaa. Pale ambapo mamlaka haikutamka bali imeacha watu waendelee, tusiseme 'wamepewa kibali' wala 'wameruhusiwa'. Tuseme 'wanaendelea kuhudumu huku maombi yao yakikaguliwa'. Ni kauli ndefu, lakini haimpi mtu alichokosa.

Huenda msomaji akaniuliza kama haya si ya mawakili. Sehemu ni yao. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Na Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo. Kanuni za mikopo huandikwa kwa Kiingereza Nairobi, lakini huuzwa kwa Kiswahili Webuye. Mahali sheria inapokutana na mwananchi ni pale kibandani, katika sentensi ya kijana aliyevaa fulana. Na uwanja wenyewe unapanuka: mwishoni mwa mwaka 2024 sheria ilirekebishwa tena ili mamlaka ya CBK yavuke wakopeshaji wa kidijitali na kuwafikia kwa upana wakopeshaji wasiopokea amana. Wengine wengi wataingia katika foleni ya kuomba, na msamiati wa kusubiri utahitajika zaidi.

Turudi kwa mama wetu. Hahitaji kusomea sheria. Anahitaji maswali matatu, na ayaulize kwa vitenzi vyenye mtenda.

"Mwanangu, nani aliwaruhusu, na aliandika wapi?"

"Mlianza kukopesha lini, kabla ya sheria au baada?"

"Na wakiwanyima, huu mkopo wangu na hizo nambari za watu wangu zitakuwa mikononi mwa nani?"

Kisha aombe jina la kampuni lenyewe, maana jina la apu na jina la kampuni mara nyingi si moja, na alitafute katika orodha ya waliopewa leseni ambayo CBK huichapisha. Likiwemo, leseni imefika. Lisipokuwemo, leseni bado iko njiani, na kitu kilicho njiani hakijafika Webuye.